Anti, SPSS inasema maji hayana athari kwenye mchicha wangu

Shikamoo anti,

Naomba jina langu lisitoke, niite tu Binti wa Goba. Nasoma masters ya kilimo hapa Dar na saivi niko chapta ya nne, ndo imenikaa kooni.

Utafiti wangu ni wa mchicha. Nilipanda kwenye viroba nyuma ya nyumba kwetu, viroba 60, nikavigawa makundi sita ya kumi kumi, yaani mbolea aina tatu (samadi ya kuku, urea, na vingine bila mbolea kabisa), halafu kwenye kila mbolea nusu ya viroba namwagilia kila siku na nusu namwagilia leo kesho naruka. Nilikuwa nawafikiria kina mama wanaolima mchicha mabondeni na uani kwao, maji yenyewe ya mgao au ya kununua kwa ndoo, nijue mtu akiruka siku anapoteza kiasi gani. Siku ya 28 nikang'oa nikapima uzito kwa gramu. Viroba vinne sikupata kitu, viwili vya urea vya kuruka siku vilikauka, na viwili kuku wa jirani walimaliza, kimoja cha samadi ya kuruka siku na kimoja cha urea ya kila siku. Kwa iyo nina 56.

Supavaiza aliniambia nifanye anova ya njia mbili, yaani kulinganisha wastani wa makundi kwa mbolea na maji kwa pamoja, kwenye SPSS, ile programu ya takwimu. Mi sijawahi kuifanya, nikaona nitumie ninayoijua, nikafanya t-test, ile ya kulinganisha makundi mawili, ya maji ikaja p ya .56 (na tunafundishwa iwe chini ya .05 ndo athari ihesabike), nikafanya anova ya kawaida ya mbolea ikaja chini ya .001, nikaandika mbolea ina athari, maji hayana athari, kwa iyo mkulima aokoe maji amwagilie siku moja aruke moja. Nikampelekea. Akanirudishia kwa peni nyekundu, "Interaction iko wapi?" Basi, hakuna kingine.

Nikaenda kwa kaka mmoja wa stesheneri karibu na chuo, huwa anawafanyia watu analisisi. Yeye kaipima ile safu nzima ya uzito kwa Shapiro, kipimo cha kuona kama data ina mgawanyo wa kawaida, ikakataa, akasema data yangu si nomo kwa iyo anova hairuhusiwi. Halafu akasema data yenyewe ndogo, na kwa vile nilikuwa napima pia urefu wa mchicha kila wiki kwa wiki nne, basi nitumie urefu niingize wiki zote, nitapata mistari 224. Ila ile minne iliyokufa kwenye uzito nijaze wastani wa wenzake. Mwisho akaniambia nikimpa laki na nusu atahakikisha maji yanatoka chini ya .05 na supavaiza hatajua kitu.

Jana usiku nikajaribu mwenyewe menyu ya Univariate, nikapata majedwali kibao, mbolea chini ya .001, maji .34, na kuna mstari umeandikwa mbolea*maji una .002. Juu kabisa kuna onyo la Kiingereza eti post hoc, yaani ule ulinganisho wa makundi mawili mawili, haikufanyika kwa maji kwa sababu makundi hayafiki matatu. Nikajua nimeharibu, nikafunga. Nimekuambatanishia picha za majedwali yenyewe.

Alhamisi natakiwa ofisini kwake. Anti, nimkubalie yule kaka? Na kama maji hayana athari, hiyo .002 ni ya nini sasa?

Binti wa Goba

*

Marahaba mwanangu.

Hela usimpe. Na hujaharibu chochote, majedwali uliyoyafunga usiku kwa hofu ndo majibu ya utafiti wako na ni majibu mazuri, nimeyaangalia mara mbili. Hiyo .002 ndo ile interaction anayoidai supavaiza, kwa Kiswahili tunaiita mwingiliano, na nikwambie ukweli ndo kitu kikubwa kuliko vyote ulichokipata kwenye viroba vyako.

Angalia kwanza wastani, achana na p kwa dakika moja. Kwenye picha yako, jedwali la Descriptive Statistics, urea ya kila siku imetoa gramu 158 kwa kiroba na urea ya kuruka siku 121. Samadi ya kila siku 118, ya kuruka siku 136. Bila mbolea 74 na 76. Sasa fuata athari ya maji kwenye kila mbolea peke yake. Kwenye urea mtu akiruka siku anapoteza gramu 37. Kwenye samadi akiruka siku anapata gramu 18 zaidi. Kwenye bila mbolea tofauti ni gramu 2, hamna kitu. Ukiwachanganya wote halafu ukauliza "kwa ujumla maji yamefanya nini" unapata wastani wa 116.7 kwa kila siku na 111 kwa kuruka, tofauti ya gramu 5 na kidogo, na hiyo ndo .34 yako. Ni kama wauza genge wawili, mmoja kaingiza faida elfu ishirini mwingine kala hasara elfu ishirini, halafu mtu akaja akaandika kwamba sokoni leo hakuna lililotokea.

Kwa iyo hitimisho la "maji hayana athari" linakosea kwa mama anayetumia urea, tena linakosea kwa pesa. Ukimwambia aruke siku atapoteza gramu 37 kati ya 158, karibu robo ya mchicha wake, na atakuwa kaambiwa na msomi. Ndo maana nasema supavaiza wako hakukuonea kwa ile peni nyekundu, japo angeweza kuandika sentensi mbili zaidi.

Tena ujue swali lako ndo swali lililozaa hesabu hii yenyewe. Mwaka 1923 Ronald Fisher na Winifred Mackenzie, walikuwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted kule Uingereza, walichapisha uchambuzi wa aina mbalimbali za viazi na mbolea, wakitaka kujua kama kila aina ya kiazi inaipokea mbolea sawa na mwenzake au inategemea. Hilo "inategemea" ndo mwingiliano. Wao viazi, wewe mchicha.

Mtu akifanya t-test ya maji peke yake halafu anova ya mbolea peke yake, swali la "inategemea" halijaulizwa popote, haijalishi amezifanya vizuri kiasi gani. Na kuna hasara ya pili watu hawaioni. Ile t-test yako ilitoa .56 na Univariate ikatoa .34 kwa maji yale yale, kwa nini? Kwa sababu kwenye t-test tofauti zote kubwa za mbolea, yaani kutoka gramu 70 hadi 150 na ushee, zimehesabiwa kama kelele, yaani tofauti zisizo na maelezo. Univariate inaiondoa mbolea kwanza pembeni, kelele inayobaki inakuwa ndogo, na athari inaonekana vizuri zaidi kama ipo.

Sasa tuirudie pamoja taratibu. Data yako naona uliiweka kwenye eksel safu sita, kila kundi safu yake, halafu ukaibandika upya. Kwenye SPSS kila kiroba kiwe mstari mmoja, na safu tatu tu, uzito, mbolea, maji. Mbolea iwe 1, 2, 3 na maji 1, 2, halafu kwenye Variable View uandike majina yake sehemu ya Values, samadi, urea, bila, kila siku, kuruka. Usiruke hii hatua, nimeona watu wanasoma jedwali usiku wa manane wanasahau 2 ilikuwa nini na wanageuza matokeo yote kichwa chini.

Halafu Analyze, General Linear Model, Univariate. Uzito uende Dependent Variable, mbolea na maji vyote viwili viende Fixed Factor(s). Ingia Plots, mbolea iwe Horizontal Axis, maji yawe Separate Lines, ubonyeze Add, wengi wanasahau Add halafu wanashangaa grafu haipo. Options weka tiki kwenye Descriptive statistics, Estimates of effect size na Homogeneity tests. Post Hoc usiingie kabisa. Lile onyo lililokutisha lilitoka huko, uliweka maji kwenye Post Hoc na maji yana makundi mawili tu, ukiwa na mawili hakuna cha kulinganisha zaidi ya hayo mawili, kwa iyo SPSS imekuambia haina kazi hapo. Si kosa, data yako iko salama. Hata mbolea usiiweke, kwa sababu ile Tukey, moja ya vipimo vya pale, inalinganisha mbolea kwa wastani wa jumla bila kujali maji, na sisi tumeshaona wastani wa jumla umetuficha nini.

Kabla ya OK, bonyeza Paste. Itakufungulia dirisha la sintaksi lenye amri zako zote kwa maandishi. Hiyo itunze kama unavyotunza cheti, kwa sababu supavaiza akisema "rudia" unarudia kwa sekunde, na siku ya kutetea kazi yako mtu akikuuliza ulifanyaje unayo. Na kuna kitu tunakitaka ambacho menyu za matoleo mengi hazikupi vizuri, ni kulinganisha maji ndani ya kila mbolea. Tafuta kwenye hiyo sintaksi, uongeze au urekebishe mstari wa EMMEANS, kitu kizima kisomeke hivi:

UNIANOVA uzito BY mbolea maji
/METHOD=SSTYPE(3)
/PLOT=PROFILE(mbolea*maji)
/EMMEANS=TABLES(mbolea*maji) COMPARE(maji) ADJ(BONFERRONI)
/PRINT=DESCRIPTIVE ETASQ HOMOGENEITY
/DESIGN=mbolea maji mbolea*maji.

Nukta ya mwisho usiisahau, bila nukta haiendi. Itie alama yote, bonyeza ile pembetatu ya kijani.

Jedwali la kusoma ni Tests of Between-Subjects Effects. Corrected Model na Intercept zipite tu. Anza chini kupanda juu, anza na mbolea*maji. Yako ni F 7.38 (tofauti za makundi ukizipima dhidi ya kelele), digrii za uhuru 2 na 50, p .002, na Partial Eta Squared .23, ambayo ni ukubwa wa athari. Hizo digrii uzijue zinatoka wapi maana wataalamu wanapenda kuuliza, mbolea tatu toa moja ni 2, maji mawili toa moja ni 1, ukizidisha unapata 2 ya mwingiliano, na Error ni viroba 56 toa makundi 6, ni 50. Jedwali la mtu likionyesha digrii 1 kwa mbolea yenye aina tatu ujue kaiweka mbolea kwenye Covariate badala ya Fixed Factor, na hiyo naiona mara nyingi sana. Mbolea yenyewe ni F 46.3 chini ya .001, na maji F .93 p .34. Vyote vitatu unaviripoti, hata kile kisichopendeza, ila maelezo yanaanzia kwenye mwingiliano. SPSS za zamani huandika .000, wewe andika p chini ya .001, kwa sababu sifuri kamili haipo.

Kisha shuka kwenye Pairwise Comparisons za ule mstari wa EMMEANS. Sijaiona yako lakini nimepiga kwa kikokotoo kutoka majedwali uliyotuma, uone haina uchawi. Mean Square ya Error kwako ni 480. Urea ya kila siku una viroba 9, ya kuruka 8. Chukua 480 zidisha kwa moja ya tisa jumlisha moja ya nane, unapata kama 113, kipeuo chake cha pili ni 10.65, ndo kosa sanifu la tofauti hiyo. Tofauti yako 37 gawanya kwa 10.65 ni 3.47, na kwa digrii 50 hiyo ni p ya .001 hivi. Samadi, tofauti 18, kosa lake sanifu 10.07, p inakuja .08. Bila mbolea .84. Hata ukitaka ukali zaidi kwa vile umefanya ulinganisho wa namna hii mara tatu, zidisha kila p kwa tatu, urea bado imesimama kwenye .003. Hiyo kuzidisha kwa tatu ifanye mwenyewe na uiandike, kwa sababu Bonferroni ya pale, ambayo kazi yake ni kuzidisha huko huko, inarekebisha ndani ya kila mbolea tu, na ndani ya kila mbolea una ulinganisho mmoja, kwa iyo haijarekebisha chochote.

Hapo kwenye samadi nenda polepole mwanangu. Usije ukaandika kwamba samadi inastawi zaidi ikinyimwa maji, .08 haikupi ruhusa hiyo. Lakini usiandike pia kwamba hakuna tofauti. Andika mipaka yake. Kwa kipimo cha 95% data yako inaendana na chochote kuanzia kupoteza gramu 2 hadi kuongeza gramu 38 ukiruka siku. Soma hiyo tena kwa jicho la yule mama wa bondeni anayenunua maji kwa ndoo, yaani hata kwenye upande mbaya wa hesabu hasara yake akiruka siku kwenye samadi ni gramu 2 kwa kiroba. Hiyo ndo habari ya kumpelekea, na p peke yake isingekuambia.

Grafu iweke kwenye chapta, tena mapema. Mistari miwili, wa kila siku na wa kuruka siku, utaiona inakatana kati ya samadi na urea halafu inakutana karibu kabisa kule kwenye bila mbolea. Mtu asiyejua takwimu kabisa akiiona ataelewa. Ila SPSS ina tabia ya kuanza mhimili wa wima mahali inapotaka yenyewe, ubonyeze mara mbili uirekebishe uanzie sifuri, vinginevyo ile gramu 2 ya bila mbolea nayo inaweza kuonekana kama mlima.

Nije kwa kaka wa stesheneri.

Ile Shapiro ya safu nzima haina maana. Ukichanganya viroba vya gramu 74 na vya gramu 158 kwenye safu moja lazima utapata nundu mbili tatu, si ndo mbolea imefanya kazi? Anova haidai safu nzima iwe na mgawanyo wa kawaida. Inachoangalia ni masalia, yaani kila kiroba kimekaa mbali kiasi gani na wastani wa kundi lake. Kwenye Univariate ingia Save, weka tiki kwenye Unstandardized ya upande wa Residuals, utapata safu mpya RES_1, hiyo ndo uichoree Q-Q plot uone kama vitone vinafuata mstari. Levene yako, kipimo cha kama makundi yametawanyika sawa, nimeiona, .21 kwenye mstari wa kwanza, matoleo mapya yanatoa mistari minne na yote kwako iko salama, sentensi moja inatosha.

Mistari 224 ndo iliyonikasirisha. Kiroba kimoja ukikipima wiki nne bado ni kiroba kimoja. Anova hii ya between-subjects inaamini kila mstari ni kitu kingine kabisa kisichohusiana na mwenzake, na mchicha uliokuwa mrefu wiki ya pili utakuwa mrefu na wiki ya tatu, hauhitaji kusoma chuo kujua hilo. Ukiingiza zote SPSS haitakukatalia, itakupa digrii za uhuru 218 za uongo na p ndogo za kupendeza. Data ya urefu ni nzuri na usiitupe, ila ina njia yake, vipimo vya kurudia, kwenye General Linear Model hiyo hiyo inaitwa Repeated Measures. Mwambie supavaiza unayo, ataamua kama iingie au ibaki kwa ajili ya makala.

Viroba vinne usijaze wastani. Ukijaza unapunguza kelele kwa mkono wako na unaongeza N ambayo haipo. Makundi yasiyolingana si tatizo kubwa, ile SSTYPE(3) kwenye sintaksi ndo inashughulika na hilo na SPSS inaiweka yenyewe. Kuna kitu kitakachokuchanganya hapo, jedwali la Descriptive litakupa wastani wa kila siku 115.2 kwa jumla wakati mimi nimekuandikia 116.7. Ile ya kwanza imejumlisha viroba vyote 29 ikagawa, ya pili imechukua wastani wa makundi matatu ikawapa uzito sawa, ndo zile marginal means. Zote sahihi, ripoti ya pili kwa sababu ndo inayoendana na jaribio lako. Na mtu akirudia kazi yako kwa R, programu nyingine ya takwimu, akitumia aov ya kawaida, majibu ya mbolea na ya maji yanaweza kutofautiana kidogo, kwa sababu yenyewe inatumia aina ya kwanza ya hesabu badala ya ile ya tatu na inajali ulitaja fakta ipi mwanzo. Mwingiliano utabaki ule ule.

Ila hivyo vinne si sawa vyote. Viwili vya kuku wa jirani ni bahati mbaya, kuku hajui umetia samadi au urea, viandike kama vimepotea na uendelee. Viwili vilivyokauka ni habari nyingine. Vyote viwili ni vya urea na vyote ni vya kuruka siku, hiyo inawezekana kabisa ni kazi ya urea kwenye udongo mkavu, mche unaungua. Kwa maneno mengine kundi lako lenye 121 limeshapoteza vile vilivyofanya vibaya zaidi, na hasara halisi ya kuruka siku kwenye urea inaweza kuwa kubwa kuliko hiyo 37. Iandike waziwazi kwenye chapta, viwili kati ya kumi vilikauka kabla ya kuvuna. Msomaji makini atakuheshimu kwa hilo, na kina mama watafaidika zaidi kuliko na eta.

Swali moja lako mwenyewe kabla ya Alhamisi, viroba vilipangwaje pale uani? Kama samadi zote zilikuwa upande wa ukuta wenye kivuli na urea zote juani, basi mbolea na jua vimechanganyika na hakuna menyu ya SPSS itakayovitenganisha. Kama uliwachanganya kwa kura, au ulikuwa unawahamisha, sema hivyo kwenye chapta ya tatu, sentensi mbili.

Na kuhusu laki na nusu. Yule kaka anakuuzia p ya maji iwe chini ya .05, kitu ambacho hata hukihitaji, na ili aipate lazima abadilishe uzito wa viroba ulivyovipima kwa mikono yako. Hiyo ni kupika data, ikigundulika shahada inaondoka, na inaweza kugundulika kirahisi tu, supavaiza akiomba daftari lako la shambani akalinganisha namba tano. Usirudi pale, na kama umemwachia faili kwenye kompyuta yake, sasa hivi chukua ile ya asili uiweke kwenye imeili yako mwenyewe yenye tarehe. Kama shida ni SPSS yenyewe, leseni imeisha au laptopu ya kuazima, pakua jamovi au JASP, zote za bure, zina anova hii hii na unaona jedwali linabadilika palepale unapobonyeza.

Alhamisi usiende na majedwali yote kumi na kitu. Nenda na grafu, jedwali la wastani na idadi ya kila kundi, na aya moja. Mi ningeiandika hivi, wewe uiweke kwenye Kiingereza cha tasnifu: "Athari ya umwagiliaji ilitegemea aina ya mbolea, F(2, 50) = 7.38, p = .002, partial eta squared = .23. Kwenye urea, kuruka siku kulipunguza uzito kwa gramu 37 kwa kiroba (p = .003 baada ya marekebisho ya ulinganisho wa mara tatu). Kwenye samadi na bila mbolea hakukuwa na ushahidi wa kutosha wa tofauti." Halafu ile sentensi ya mapendekezo, mkulima aokoe maji aruke siku, ifute leo hii na uandike mbili, moja ya mwenye samadi na moja ya mwenye urea. Ukishaendesha sintaksi nitumie lile jedwali la Pairwise Comparisons, nataka kuona samadi imekuja ngapi hasa.